Mausi Inayolia

"Mjomba, hii mausi inalia."

Mpwa wangu ana miaka 15 na si mtu wa kurudia neno, kwa hiyo nikaacha sahani yangu ya ming'oko nikaenda kumsikiliza. Alikuwa amevaa hedifoni, gemu ameisimamisha. Akaniachia upande mmoja wa sikio, akasogeza mausi polepole kuelekea kulia. Kweli bwana. Mausi ikienda, kuna kitu chembamba kinasikika, tiiii, kama mbu aliyefungiwa ndani ya chandarua. Mausi ikitulia, mbu naye anatua. Akarudi kwenye gemu, picha zikaanza kukimbia, mbu akageuka kundi la nyuki.

"Umeanza lini kuisikia?"

"Siku zote. Nilidhani ndivyo kompyuta zilivyo."

Mimi nami nilikuwa na kero yangu ambayo sikuwa nimeisema. Ninazo kaseti 41 za marehemu baba. Baba alikuwa karani wa chama cha ushirika, na kila msimu wa korosho ukiisha vizuri alijinunulia kitu kimoja cha maana. Mwaka mmoja kilikuwa redio kaseti ya National, ile yenye spika mbili na maikrofoni za ndani kwa ndani. Aliibeba vijijini alikokwenda kupima korosho, na akikuta watu wanacheza, anaomba ruhusa, anarekodi. Sindimba, nyimbo za harusi, kina mama wanaotwanga huku wakisemana kwa mafumbo, na usiku dansi alizozinasa kutoka Radio Tanzania. Nyingi hazina jina. Zimeandikwa tu kwa kalamu ya bluu: USIFUTE.

Nilikuwa nimeanza kuzihamishia kwenye kompyuta kabla unyevu haujazimaliza, maana hapa Mtwara hewa ya bahari haibagui, inakula bati la nyumba na mkanda wa kaseti sawasawa. Lakini kila nilichoingiza kilitoka na mvumo, mmmmm, chini ya ngoma, kama jenereta la jirani wa tatu. Basi nikamchukua mbu wa mpwa wangu, nikachukua na jenereta langu, nikawaweka kizimbani pamoja na kutoa hukumu moja: kadi ya sauti ni mbovu. Tubadilishe kadi.

Hukumu hiyo ilikuwa na ukweli kama theluthi moja hivi. Nilikuja kujua baada ya kutoa hela.

Kwa asiyewahi kujishughulisha na mambo haya, ndani ya kompyuta wimbo ni namba. Kwa kiwango cha CD ni namba 44,100 kila sekunde kwa kila sikio, na kila namba inachagua ngazi moja kati ya ngazi 65,536. Spika haijui kusoma namba, inachojua ni umeme unaopanda na kushuka. Kadi ya sauti ndiyo mkalimani: wakati wa kusikiliza inageuza namba kuwa umeme, wakati wa kurekodi inageuza umeme kuwa namba. Na umeme wenyewe ni mdogo mno, kwa hiyo chochote kinachopita karibu yake kikiwa na nguvu kinaacha alama.

Sipiyu zetu hizi za mtumba, nyembamba, zilizotoka kwenye ofisi za watu huko nje, hazina kadi ya peke yake. Kazi inafanywa na chipu isiyofika ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, imegandishwa kwenye mazabodi, lile bamba kuu la kompyuta, jirani na vitu vinavyokula umeme kwa pupa na kwa kushtukashtuka. Tundu la mbele, ambalo kila mtu anachomeka hedifoni kwa sababu ndilo lililo karibu na mkono, ndilo baya kuliko yote. Linafikiwa na waya mwembamba unaokatiza ndani ya boksi zima, unapita kando ya feni na grafiksi kadi, ile ya kuchora picha, na njiani unaokota kila umbea. Ukisogeza mausi, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inaamka, picha inachorwa upya, umeme unashtuka, na ule mshtuko unadakwa na waya. Huyo ndiye mbu.

Zamani haikuwa hivi. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuja na kispika kimoja kinachojua kusema "bii" na basi. Mwaka 1987 kampuni ya AdLib ya Kanada ikatoa kadi yenye chipu ya Yamaha iliyoweza kupiga muziki wa vinanda vya bandia. Mwaka 1989 Creative ya Singapore, kampuni ya Sim Wong Hoo, ikaja na Sound Blaster, ambayo ilipiga muziki uleule wa AdLib na juu yake ikacheza sauti zilizorekodiwa kabisa: mtu akipiga ukelele kwenye gemu unasikia mtu, si mlio wa saa ya mkononi. Kwa miaka mingi baada ya hapo, mwenye kutaka sauti alinunua kadi. Halafu Intel wakaleta utaratibu wa kuweka sauti kwenye mazabodi yenyewe, kwanza mwaka 1997, kisha ulio bora zaidi mwaka 2004, na ilipofika Januari 2007 Windows Vista ikaingia sokoni ikiwa imebadilisha njia ya sauti ndani ya mfumo. Gemu zilizozoea kuipa kadi moja kwa moja kazi ya mwangwi na ya pande inakotokea sauti zikakuta mlango umefungwa. Kadi ya sauti ikawa kama sindano ya santuri: ipo, ila ukiiulizia dukani muuzaji anakuangalia usoni kwanza.

Ndivyo nilivyoangaliwa mjini kwetu, maduka matatu mfululizo. La nne kijana aliniletea grafiksi kadi na kuniapia kwamba ndiyo hiyo.

Nikapiga simu Kariakoo. Nikapata duka, sitalitaja, jamaa anazo kadi "kibao". Nikamuuliza kama inaingia kwenye mashine ndogo. Akanijibu, "Kaka, hiyo ni PCI, inaingia popote." Nilipaswa kukata simu palepale. Badala yake nikatuma shilingi 70,000 na nauli ya mzigo, kadi ikapakiwa kwenye basi.

Hiyo ilikuwa wiki ya kwanza ya Mei 2024. Mnaokumbuka mnakumbuka. Kimbunga Hidaya kikapita, mvua zikakata barabara huko Kilwa, Somanga, na kwa siku kadhaa sisi wa Kusini tukawa kisiwa. Watu walikuwa na wagonjwa wa kuwahi, wengine misiba, chakula kimepanda bei. Mimi nina kadi ya sauti iliyokwama njiani. Nilinyamaza, maana ni aibu hata kuilalamikia.

Ilipofika nikaifungua mezani, mpwa wangu ameshika tochi ya simu. Kuangalia meno yake ya kuchomekea na kuangalia nafasi kwenye mazabodi, nikajua. PCI ni utaratibu wa mwaka 1992. PCI Express ni wa mwaka 2003. Majina yanafanana kama watoto wa baba mmoja, lakini hawakai chumba kimoja: meno ya ile ya zamani ni mapana na yamekatwa pengine kabisa, na mashine yangu haina hata nafasi moja ya namna hiyo. Halafu kile kibati cha nyuma chenye matundu kilikuwa cha sentimita 12, wakati mgongo wa sipiyu yangu unapokea cha sentimita 8. Yaani hata ingekuwa ndugu yake, isingepita mlangoni. Jamaa wa Kariakoo kuanzia siku hiyo simu yake inaita tu. Kadi ipo ukutani, tunatundikia funguo, na nawahakikishia inashika funguo vizuri.

Kwa kadi ya pili nilikuwa mtu mwingine. Nilimwambia muuzaji mwingine, si yule wa kwanza, anipigie picha ya meno na rula pembeni, na picha ya kibati kifupi kikiwa nje ya boksi. Hakukasirika. Ikaja Sound Blaster ya PCI Express, ya bei ya chini katika ukoo wake, shilingi 145,000 na kibati kifupi ndani. Inahitaji nafasi fupi kabisa, na kama fupi huna, inaingia hata kwenye ndefu iliyo wazi.

Kuiweka ni kazi ya dakika 10 iliyotuchukua saa nzima. Nilichomoa waya wa umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, nikashika bati kutoa umeme wa mwilini. Kabla ya kuichomeka nikachukua ufutio wa shule, ule mweupe, nikasugua meno ya kadi taratibu, upande huu na upande ule, mpaka rangi ya dhahabu ikarudi kung'aa. Ilikuwa imekuja na utando mdogo wa kahawia, sijui ghala gani ilikolala. Ukifuta, unapuliza vumbi la ufutio nje, si ndani ya mashine. Kisha nikabadilisha kibati. Kinashikwa na skrubu mbili ndogo kama punje za mtama, na moja ikaniponyoka ikaingia chini ya mazabodi. Usiwashe kompyuta ikiwa na skrubu inayozurura humo, utaunguza kila kitu. Tuliipindua mashine, tukaitikisa kama watu wanaopepeta mchele, dakika 20, ndipo ikadondoka sakafuni, tii.

Draiva, zile programu za kuiendesha kadi, zikaingia. Windows ikaamua kwa akili yake kupeleka sauti kwenye skrini, ambayo haina spika, nikaichagulia kadi mpya. Mpwa wangu akavaa hedifoni, akasogeza mausi kulia. Kushoto. Akafungua gemu. Akanitazama.

"Amekufa."

Mbu alikuwa amekufa. Furaha yangu ikadumu mpaka jioni nilipochomeka redio kaseti. Mmmmm. Jenereta la jirani lipo palepale.

Hapo ndipo nilipokaa chini kufikiri kama mtu mzima. Kama kadi ni mpya na mvumo ni uleule, basi mvumo haukuwa wa kadi tangu mwanzo. Kelele zilikuwa mbili, na mimi nilizihukumu kama moja. Na mvumo huu ulikuwa mnene, wa chini, usiojali mausi wala gemu. Huo ni umeme wa ukutani wenyewe, mizunguko 50 kwa sekunde. Umeme wetu Mtwara wakati huo ulikuwa unazalishwa kwa gesi ya Mnazi Bay, kwa hiyo niseme tu kwamba kwa miezi miwili nilikuwa nairekodi gesi ya Mnazi Bay ikiimba chini ya sindimba za baba.

Nilipotaja habari hii mezani, mama akaniuliza kwa nini nimeichomeka redio ukutani. "Hiyo ni redio ya betri. Baba yako hakuichomeka hata siku moja." Nikaenda dukani nikanunua betri kubwa sita. Nikachomoa waya wa umeme wa redio, nikaweka betri, nikabonyeza.

Kimya. Ngoma, watu, jogoo mmoja, na chini yake kimya.

Fundi umeme alikuja kesho yake. Kabla hajafungua soketi alifanya kitu ambacho wengi wenu mmeshakifanya bila kujua maana yake: alipitisha mgongo wa vidole kwenye bati la sipiyu akiwa pekupeku juu ya sakafu ya saruji. "Inatekenya," akasema. Tuliijua sana hiyo. Tulidhani ni tabia yake. Akanieleza, na nikaja kuhakikisha kwa kusoma: ndani ya boksi la umeme la kompyuta kuna vihifadhi umeme vidogo (kapasita) vilivyofungwa kati ya nyaya za umeme na bati, kazi yake ni kuokota uchafu wa umeme na kuushusha ardhini kwa waya wa ethi. Kama ethi haipo, uchafu hauna pa kushukia. Bati linabaki linaelea kwenye nusu ya umeme wa ukutani, kama volti 115, kwa mkondo mdogo usioweza kukuua lakini unaotosha kukutekenya. Sasa mpe mkondo huo waya wa sauti unaokwenda kwenye redio iliyochomekwa ukutani. Amepata njia. Anapita, na akipita anaimba. Redio ikila betri, njia imekatika.

Alipofungua soketi, tundu la tatu lilikuwa pambo. Hakuna waya nyuma yake. Kwenye meni swichi waya wa ethi ulikuwepo, umekunjwa vizuri, haujafungwa popote, na nje fimbo ya ethi ilikuwa imepigwa kwenye mchanga mkavu chini ya upenu, mahali ambapo mvua haifiki. Mchanga wetu huu mkavu haupitishi umeme wa kusema. Akahamishia fimbo nyuma ya bafu, penye unyevu mwaka mzima, akaishindilia kwa nyundo hadi ikabaki kichwa tu, akafunga nyaya zilizokunjwa. Shilingi 40,000, pamoja na soda. Tangu siku hiyo bati halitekenyi, na redio hata nikiichomeka ukutani mvumo ni mdogo kiasi kwamba lazima uutafute. Kazi hii msiifanye wenyewe kwa kuangalia video, tafuteni fundi anayepima.

Sasa jaribio ambalo sikulifurahia. Baada ya ethi kukaa sawa, nilirudisha hedifoni kwenye tundu la zamani la mbele, lile la mazabodi. Mbu yupo, ila amepungua. Nikahamia tundu la zamani la nyuma, ambalo halipiti kwenye waya mrefu. Mbu simsikii. Namtafuta kwa sauti yote, namsikia kwa mbali, kama yuko chumba cha pili. Maana yake, kwa shilingi 40,000 za fundi na kuhamisha jeki kutoka mbele kwenda nyuma, ningemaliza sehemu kubwa ya kesi nzima. Kadi ya 145,000, na ile ya funguo ya 70,000, zilikuja kutibu kilichobaki.

Siijutii hii ya pili, lakini nasema wazi ilichofanya na ambacho haikufanya. Ilinipa tundu safi la kuingizia sauti kutoka kwenye redio, ambalo sipiyu yangu haikuwa nalo. Nilikuwa natumia tundu la maikrofoni, na hilo limetengenezwa kwa umeme mdogo zaidi, kwa hiyo ngoma kubwa ikipigwa sauti inapasuka hata ukipunguza. Hilo peke yake kwa kaseti ni jambo kubwa. Na ina nguvu ya kusukuma hedifoni nzito, ingawa hedifoni yetu ni ya kawaida tu na haikuhitaji kusukumwa.

Kwenye boksi wameandika desibeli 106 na namba 192,000 kwa sekunde. Msizipapatikie. Desibeli hapa zinapima umbali kati ya sauti kubwa kabisa na kelele ya chini kabisa. CD ni kama 96. Kaseti ya kawaida ni kati ya 50 na 60. Kaseti ya baba, iliyorekodiwa chini ya mwembe, tusiseme. Nilirekodi mkanda mmoja kwa kiwango cha juu kabisa cha kadi, nikapata faili la karibu MB 69 kila dakika. Kaseti ya dakika 90 inakula zaidi ya GB 6. Kwa kiwango cha CD kaseti hiyohiyo haifiki GB 1. Nikasikiliza zote mbili, mpwa wangu akibadilisha bila kuniambia ipi ni ipi. Sikuweza kutofautisha. Yeye, mwenye masikio ya miaka 15, naye hakuweza. Nimebaki na kiwango cha CD, na diski yangu inanishukuru.

Kwenye gemu mambo yalikwenda kinyume na nilivyotarajia. Kadi ilikuja na programu yake ya kuzungusha sauti ili hedifoni ya spika mbili isikike kama chumba kizima. Mpwa akaiwasha, akafurahi siku mbili, siku ya tatu akaanza kufa ovyo. Anapigwa risasi kutoka nyuma huku ameapa adui yuko kushoto.

Nazi ikianguka nyuma ya nyumba, unajua ni upande gani kabla hujageuka. Sauti inafika sikio la karibu mapema kidogo, tofauti isiyozidi sana sehemu 6 au 7 za elfu kumi za sekunde, na sikio la mbali linapata sauti iliyokingwa na kichwa. Mbele na nyuma unatofautisha kwa jinsi sauti inavyojikunja kwenye ndewe la sikio. Gemu nyingi za bunduki za siku hizi zinapiga hesabu hizo zenyewe ukichagua hedifoni kwenye mipangilio yake. Ukija na programu ya kadi nayo inapiga hesabu zilezile juu ya hesabu, sauti imepita kwenye vichwa viwili. Haina upande tena. Tulizima kila kitu upande wa kadi, kuanzia mzunguko hadi kuongeza besi, tukaacha gemu ijifanyie. Besi hasa ndiyo adui, kwa sababu mlipuko wa mbali unafunika vishindo vya miguu vya aliye mlango wa pili. Siku hiyohiyo akarudi kwenye ubora wake. Kwa hiyo kadi ya gemu ilimsaidia zaidi baada ya kuizima nusu.

Kuna kijana wa mtaani naye alisikia nina kadi mpya, akaja na mdundo wake alioutengeneza kwa FL Studio, programu ya muziki, kwenye flashi, anataka kuingiza sauti. Nilimkaribisha. Akavaa hedifoni, akaanza kuimba, akasimama. "Bro, sauti inanirudia kwa nyuma." Kompyuta inakusanya namba kwenye fungu kabla ya kuzipitisha. Fungu la namba 1,024 ni kama sehemu 23 za elfu moja za sekunde, na hiyo ni njia moja tu, bado kurudi. Ni sawa na mtu kuimba huku mdundo wake uko mita 8 kutoka alipo. Nikaweka ASIO4ALL, draiva ya kupunguza ucheleweshaji huo, nikashusha fungu hadi 256, mita 2, akaimba. Lakini maikrofoni aliyokuwa nayo ni ya studio, inataka volti 48, na kadi ya gemu haina hizo. Nilimwambia ukweli: kwa kazi yake, kiboksi cha nje cha USB chenye tundu la maikrofoni ya kweli kingemfaa kuliko hii niliyonunua. Na kwa wengi wenu mnaoniandikia kuuliza, pia. Hakijali ukubwa wa sipiyu, hakikai karibu na feni, na siku ukinunua laptopu unahama nacho.

Nirudi kwenye kaseti, kwa sababu huko ndiko kulikobaki kazi.

Mkanda wa kwanza ulipokamilika, safi, bila mbu wala jenereta, nilimwita mama nikamvalisha hedifoni. Alisikiliza kama dakika moja akaivua. "Inanipigia kichwani." Nikachomeka sabufa, nikaitoa barazani. Akakaa kwenye mkeka, akawa anatikisa kidole gumba cha mguu. Mimi nikisubiri sifa.

"Wana haraka," akasema.

"Nani?"

"Wapigaji. Hawakuwa na haraka hivi. Na huyo anayeimba mimi namfahamu, sauti yake haikuwa ya mtoto."

Nikamwambia labda kumbukumbu. Akaniambia nisogeze mbele, mwisho wa upande huo. Nikasogeza. Ngoma zilikuwa zimepanda zaidi, mwimbaji amekuwa kama ana miaka 10, vigelegele ni ndege. Hata mimi nikasikia, na nilikuwa nimeshausikiliza mkanda huo mara nne kwa hedifoni, natafuta mvumo.

"Betri zilikuwa zinaisha," mama akasema, kama mtu anayesema jua limezama. "Alikuwa anazianika juani mchana, usiku anaendelea nazo."

Betri ikichoka, mota inazunguka polepole, mkanda unapita taratibu, na kinachorekodiwa taratibu kikija kupigwa kwa mwendo wa kawaida kinakimbia. Kadiri usiku ulivyokwenda ndivyo redio ilivyochoka. Kwa hiyo mkanda haujakosea kwa kiasi kimoja ambacho ningekirekebisha kwa kugeuza skrubu ya mota. Unazidi kupotoka tangu mwanzo mpaka mwisho, kidogokidogo, na palipobadilishwa betri unarudi sawa ghafla, halafu unaanza kupotoka upya.

Tunarekebisha kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, kipande kwa kipande, dakika tano tano. Sina kipimo. Mama anakaa barazani na sabufa, mimi ndani na mausi isiyolia, nashusha asilimia moja, nampigia, nasubiri.

"Bado," anasema. "Punguza."